Kadi za Fresno na majalada ya Atlanta

Septemba 1958 wakazi wa Fresno, mji wa wakulima katika jimbo la California, walipokea kwa posta kadi za mkopo ambazo hawakuziomba. Bank of America ilizituma 60,000 kwa mkupuo. Hakuna aliyejaza fomu wala kuhojiwa. Kadi ilifika ikiwa tayari kutumika, na aliyeipata angeweza kuchukua bidhaa za dola mia kadhaa, akalipa kidogo kidogo.

Fresno haikuchaguliwa kwa bahati. Iko mbali na miji mikubwa, kwa hiyo mambo yakiharibika aibu isingesambaa. Joseph Williams, aliyebuni mpango huo, alitarajia wachelewaji wasizidi asilimia 4. Kadi zilipoenea California nzima wakafika 22. Wezi nao walizichomoa kwenye masanduku ya barua, wakanunua, na bili zikawaendea watu wasiojua lolote. Williams akajiuzulu. Ungedhani benki zingeshika adabu. Mwishoni mwa 1966 zile za Chicago zikarudia yaleyale, kadi zikatumwa hadi kwa watoto na marehemu.

Oktoba 1970 Bunge la Marekani likapiga marufuku kadi zisizoombwa. Kadi ikiibwa, mwenyewe asidaiwe zaidi ya dola 50. Sheria hiyohiyo ilifungua majalada ya wakopaji. Kampuni ya Retail Credit ya Atlanta, iliyoanza 1899, ilikuwa na wapelelezi waliowauliza majirani nani mlevi, nani haelewani na mkewe. Majibu yaliwekwa kwenye jalada, na mhusika hakuwa na haki ya kuliona. Sasa akaweza kujua yaliyomo na kuyapinga. Mwaka 1975 kampuni ikajiita Equifax.

Mwaka 1974 ikawa marufuku kumnyima mtu mkopo kwa jinsia au ndoa yake. Hadi hapo mwanamke mwenye mshahara wake aliweza kuambiwa alete saini ya mume. Benki zikahitaji kigezo cha kujitetea nacho, na hapo hesabu za kukadiria nani atalipa deni, za Bill Fair na Earl Isaac, walioanzisha kampuni yao 1956, zikapata soko. Alama ya mkopaji ya kampuni hiyo, FICO, kati ya 300 na 850, ilitoka 1989. Haiulizi habari za pombe. Asilimia 35 yake ni kulipa kwa wakati, nayo haisikilizi sababu: aliyechelewa kwa kuuguliwa na aliyepuuza hukatwa sawa, na wote hukopa kwa riba kubwa zaidi.

Tangu sheria ya kadi za mkopo ya 2009, taarifa ya mwezi ya kadi humwonyesha mteja miaka atakayodaiwa akilipa tu kiwango cha chini anachotakiwa kulipa kila mwezi.