Usugu wa dawa watia shaka ufugaji wa samaki Ziwa Victoria

Ufugaji wa samaki kwa vizimba umeenea kwa kasi katika Ziwa Victoria, linalomilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania. Anayefugwa zaidi ni sato, ambaye kwa Wakenya na Waganda wengi ni ngege. Maelfu ya samaki wakisongamana ndani ya wavu mmoja, ugonjwa husambaa upesi, na mfugaji anayewaona wakielea hushawishika kutumia antibaiotiki kabla ya kujua kinachowaua.

Bakteria aitwaye Aeromonas hydrophila huishi majini siku zote. Samaki akidhoofishwa na msongamano au majeraha, humtia vidonda na kumvujisha damu chini ya ngozi, kwa sumu inayopasua seli. Mwingine, Streptococcus agalactiae, hushambulia ubongo: macho hutokeza na samaki huogelea akizungukazunguka.

Uwezo huo wa kudhuru ndio ukali wa bakteria. Usugu ni uwezo wa kustahimili dawa. Hofu ni pale viwili hivyo vinapokutana katika kiumbe kimoja. Vipande vidogo vya vinasaba viitwavyo plasmidi hubeba usugu, wakati mwingine pamoja na ukali, na bakteria hupeana vipande hivyo hata wakiwa wa jamii tofauti.

Namna dawa inavyotolewa huzidisha tatizo. Huchanganywa na chakula, ilhali samaki mgonjwa huacha kula. Basi dozi humfikia zaidi aliye mzima. Oksitetrasaiklini, dawa ya bei nafuu, hufyonzwa kidogo tu mwilini, na sehemu kubwa hutoka na kinyesi na kutua katika tope chini ya kizimba. Huko bakteria dhaifu hufa, walio sugu hubaki na kuzaana. Maji hayo hayo hayajui mpaka wa nchi, na baadhi ya wakazi wa pwani ya ziwa huyateka kwa matumizi ya nyumbani.

Tena si kila kifo ni cha bakteria. Mwishoni mwa mwaka 2022, samaki wengi walikufa vizimbani upande wa Kenya, na watafiti wakataja upungufu wa oksijeni majini. Hakuna antibaiotiki ya kutibu hilo. Kupima sampuli maabara, kazi ya siku chache, ndiko kunakobainisha.

Norway ilipita njia hiyo. Mwaka 1987 wafugaji wake wa samoni walitumia takriban tani 50 za antibaiotiki. Chanjo zilipoenea, matumizi yalishuka. Leo hayafiki tani moja kwa mwaka, ingawa samaki wanaovunwa hupita tani milioni moja.

Chanjo ya sato dhidi ya Streptococcus ipo pia. Lakini kwa kawaida huchomwa samaki mmoja mmoja kwa sindano, gharama inayobebeka kwa samoni wa bei ghali kuliko kwa sato anayeuzwa kwa bei ya kitoweo cha kila siku.