Rukhsa Iliyokwama Njiani



Ndugu msomaji, mas-ala ya kupanga uzazi yakitajwa barazani kwetu, watu hugawika mafungu mawili. Hawa husema ni halali, na wale husema ni haramu, hata kahawa ikawapoa mikononi. Lakini liko swali la tatu ambalo ni nadra kuulizwa: hiyo rukhsa, ikiwa ipo, imemfikia nani? Maana kisima kikiwa na maji, na kamba na ndoo ziko nyumba moja tu, hatuwezi kusema kuwa mji umepata maji.

Tuanze na wazee wetu. Kabla ya vidonge na sindano, mama wa pwani akijua kuwa mtoto anyonyaye akifuatwa upesi na mimba ya mdogo wake hubemendwa: hudhoofika, tumbo humvimba, miguu humlegea. Kwa hiyo mzazi alikaa kwa mamake muda mrefu, na mume akastahi. Makabila mengi ya bara nayo yalikuwa na mila kama hiyo. Leo waganga wa hospitali hutuambia kuwa mtoto aachishwaye ziwa kabla ya wakati hupata utapiamlo. Basi wazee waliuona ugonjwa, ijapokuwa sababu waliieleza kwa njia yao. Na Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqarah aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kuitimiza.

Ama upande wa sharia, khabari ya azl inajulikana. Imepokewa kwa Jabir bin Abdillah, katika Bukhari na Muslim, kwamba Maswahaba wakiifanya zama za Mtume s.a.w. huku wahyi ukishuka. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, aliijuzisha, na miongoni mwa nia alizozikubali ni kuhofia maisha ya mke kwa hatari ya uzazi. Imam Nawawi, wa madhehebu yetu ya Shafi, aliiona makruhu. Na wanavyuoni wa Hanafi, Maliki na Hanbali walisharutisha idhini ya mke, kwa kuwa naye ana haki yake. Zama zetu hizi, Sheikh Mahmud Shaltut wa Al-Azhar alijuzisha kupisha nafasi baina ya uzazi, na mwaka 1971 wanavyuoni walikutana Rabat, Morocco, kuizungumza mas-ala hiyo. Hapa hatuzungumzi kuua mimba, wala kukata kizazi bila dharura. Hayo yana hukumu zake.

Sasa tuitazame kamba na ndoo. Tanganyika huduma hii ilianza mwaka 1959, kwa chama kilichoundwa Dar es Salaam, ambacho baadaye kiliitwa UMATI, yaani Chama cha Uzazi na Malezi Bora. Kama ada ya mambo mapya, kilianza mjini, kwa wake wa watumishi na wenye kusoma. Mwaka 1974 huduma ikaanza kuingizwa katika kliniki za serikali za mama na mtoto. Zanzibar ilichelewa mpaka miaka ya 1980. Mpango wa taifa zima ulizinduliwa mwaka 1989. Hesabu basi: tangu 1959 hadi 1989 ni miaka thelathini. Binti aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikwisha kuwa mama wa watoto kadhaa.

Na hata palipokuwa na kliniki, mlango ulikuwa na bawabu. Katika vituo vingi vya miaka ile mwanamke akiulizwa: umekwisha zaa wangapi? Na bwana wako ameridhia? Tazama ajabu hii: wanavyuoni walisharutisha idhini ya mke, na kliniki ikasharutisha idhini ya mume. Mwaka 1994 miongozo ya serikali iliondoa masharti ya namna hiyo katika karatasi. Katika nyumba za watu, karatasi haifiki upesi.

Mimi niliyaona haya Chimala. Asiyepajua, ni mji mdogo mashariki ya Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Kaskazini yake imetandaa mbuga ya Usangu yenye mpunga na ng'ombe, ambako Waislamu si wageni. Wamo humo hata Mabulushi waliohamia zamani. Kusini umesimama mlima, na barabara ya kupanda Matamba ina kona 57, hata watu huiita kwa hesabu hiyo, Hamsini na Saba. Mjini pana hospitali ya misheni tangu miaka ya 1960, na reli ya TAZARA ilipita miaka ya 1970. Kwa hiyo aliyekaa kando ya lami alikuwa na gari, treni na daktari. Aliyekaa juu Matamba alikuwa na kona zake, na aliyekaa ndani ya mbuga alikuwa na tope la masika.

Mwaka 1986, nikiwa kijana, nilikwenda huko kusomesha watoto. Mama mmoja wa huko mbugani, mzaliwa wa mbali, hana mama wala shangazi karibu wa kwenda kukaa kwake baada ya kuzaa, alimtuma mwanawe kwangu na swali. Alikuwa amezaa watoto sita kwa miaka minane, na wa mwisho alikuwa taabani kwa kubemendwa. Alisema, "Mwulize ustadh, nikipumzika kuzaa, nina dhambi?" Nami jawabu nalijua, nimelisoma kwa sheikh wangu tangu sijaota ndevu. Lakini niliona haya kulisema kwa kinywa cha mtoto, na nikachelea maneno ya mumewe. Nikamwambia kijana, "Mwambie mama asubiri, nitatazama kitabuni." Nikaenda zangu pwani. Niliporudi mwaka wa pili, niliambiwa alifariki kwa uzazi wa saba, gari ya kumleta hospitali haikupatikana. Mwenyezi Mungu amrehemu, na anisamehe mimi.

Sisemi kuwa jawabu langu lingemponya. Ajali yake iko kwa Mola wake. Nasema kuwa njia yake ilikuwa na vizuizi vitatu: tope, mume, na ustadh, na kimoja katika hivyo kilikuwa ni mimi.

Wako wasemao kuwa wake zetu hawatumii kwa sababu ya dini. Tazama hesabu. Uchunguzi wa taifa wa 1991-92 ulikuta wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa ni kama 7 katika 100. Ule wa 2015-16 ulikuta 32, na wa 2022 ulikuta 31; yaani safari imesimama. Lakini katika ule wa 2015-16, mkoa uliokuwa mbele ya mikoa yote ni Lindi, zaidi ya nusu ya walioolewa. Na uliokuwa nyuma ya yote ni Kusini Pemba, chini ya mmoja katika kumi. Lindi ni Waislamu, na Pemba ni Waislamu. Msahafu ni mmoja. Basi dini peke yake haiwezi kuwa ndiyo sababu. Tutazame zahanati, elimu, nauli, na maneno ya wenye vilemba. Na uchunguzi ule ule ulikuta wanawake 22 katika 100 wanataka kupumzika au kukoma kuzaa, wala hawatumii njia yoyote. Hao ndio wenzake yule mama.

Wala kamba yenyewe haiko mikononi mwetu yote. Mwaka 2018 matangazo ya uzazi wa mpango yalisimamishwa nchini kwa amri. Na mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, lililokuwa likinunua sehemu kubwa ya dawa hizi. Akohoapo mkubwa mjini, anayekosa sindano ni wa mwisho wa njia.

Ndugu yangu, sikuamrishi upange wala usipange. Watoto ni neema, na riziki yao iko kwa Aliyewaumba. Ninalokuomba ni hili. Wewe mume, kaa na mkeo mshauriane, kama aya ile ile ya 233 ilivyotaja kuridhiana na kushauriana hata katika kumwachisha mtoto ziwa. Nawe mwalimu mwenzangu, ukiulizwa na mama, usimwambie asubiri. Mjibu siku ile ile.

Wabillahi tawfiq.