Jarida la Cheche: marufuku ya 1970 na hoja iliyobaki hai

Novemba 2025 ilitimia miaka 55 tangu jarida la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, liitwalo Cheche, lipigwe marufuku. Kumbukumbu hiyo ilistahili kongamano kubwa ndani ya Ukumbi wa Nkrumah, kwa sababu mengi tunayobishania leo kuhusu bandari na migodi yalikwisha kuandikwa humo na vijana wa miaka ishirini na ushee.

Chimbuko linajulikana. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, mabenki yakataifishwa, na kabla mwaka haujaisha wanafunzi wakaunda USARF, umoja wa wanamapinduzi wa Kiafrika chuoni hapo. Mwenyekiti wake alikuwa kijana wa Uganda, Yoweri Museveni. Walikutana Jumapili kuwasoma Marx, Lenin na Fanon, na Walter Rodney, mhadhiri wa historia kutoka Guyana, akiwa karibu nao.

Karim Hirji, aliyekuwa mhariri, amekusanya kumbukumbu za jarida hilo katika kitabu kilichotoka 2010. Wenzake katika uhariri walikuwa Henry Mapolu na Zakia Meghji, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Fedha. Toleo la kwanza lilitoka Novemba 1969. Kazi yote ilikuwa ya kujitolea: kupiga taipu stensili, kudurufu, kupanga kurasa, kuuza mkono kwa mkono.

Septemba 1970 wakatoa toleo maalumu lenye andiko moja refu la Issa Shivji, mwanafunzi wa sheria. Shivji alikwenda palepale penye kidonda. Kutaifisha, alisema, hakujamaliza unyonyaji. Makampuni ya nje yameingia ubia na mashirika ya umma, yamepewa mikataba ya kuyasimamia, na faida inaendelea kuvuka bahari. Hapa nyumbani, tabaka la warasimu linaota mizizi kwa jina la wakulima na wafanyakazi.

Miezi miwili baadaye amri ikashuka: USARF ivunjwe, Cheche life. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili. Kwanza, Umoja wa Vijana wa chama tawala, TANU, unatosha, hakuna haja ya chama kingine cha kimapinduzi. Pili, jina la jarida limeazimwa ugenini, nalo linawafanya watu wadhani Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi. Ni kweli jina lilitoka kwenye magazeti mawili, Iskra la Lenin na The Spark la Nkrumah. Wahariri hawakulificha hilo. Lakini serikali iliyoitaka Afrika nzima iungane ilipata wapi ugeni katika gazeti la Nkrumah? Hirji na wenzake waliamini kilichouma ni andiko la Shivji, nami nakubaliana nao.

Vijana hawakunyamaza. Mwaka 1971 walirudi na jarida jingine, MajiMaji, safari hii chini ya Umoja wa Vijana wa TANU. Mwaka huohuo Mwongozo wa TANU ukakemea viongozi wenye majivuno na uonevu, na wafanyakazi wakaushika kama ngao. Mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikitwaa kiwanda chenyewe. Katika miaka hiyohiyo kitabu cha Rodney kuhusu Ulaya na kudidimizwa kwa Afrika nacho kilitoka, 1972, Dar es Salaam na London.

Kisha yakaja masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 1986, na Azimio la Zanzibar la 1991 likawaruhusu viongozi kumiliki hisa. Hata hivyo Katiba bado inasema, ibara ya 3, kwamba nchi hii ni ya kijamaa.

Mwaka 2023, mkataba wa bandari na kampuni ya DP World ulipowasha mjadala nchi nzima, watu waliuliza kilekile alichouliza Shivji: nani anasimamia, na faida inakwenda wapi? Wengi wao hawajapata kuliona Cheche. Tena liliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mkulima aliyetetewa humo hakuisoma. Chuo Kikuu kina wataalamu wa Kiswahili na mashine za kuchapia. Kilitafsiri andiko lile, kilichape, kiliuze kwa bei ya daftari.