Kufundisha watoto wadogo juu ya pengwini: kuanzia Afrika, si kwenye barafu

Katika vitabu vingi vya watoto, pengwini huwa anachorwa juu ya barafu, mara ingine pembeni ya dubu mweupe. Mtoto wa Goma ao wa Bunia, ambaye barafu anaijua ile ya ndani ya frigo tu, anaishika ile picha hivyo hivyo. Kumbe inamudanganya mara mbili. Dubu mweupe anaishi kaskazini kabisa ya dunia, pengwini wako upande wa kusini. Hawa wawili hawakutanagi. Tena, kuna pengwini wanaoishi hapa Afrika, kwenye mchanga na mawe, chini ya jua.

Jina nalo linasumbua walimu. Kwa Kifaransa, yule asiyeruka anaitwa manchot. Pingouin ni ndege mwingine, wa bahari ya kaskazini, na yeye anaruka. Hata kwenye televizio watu wanachanganya. Kwa Kiswahili hakuna shida, pengwini ni pengwini. Lakini mwalimu akiandika Kifaransa ubaoni, aandike manchot, juu mtoto atakutana tena na neno hilo katika madarasa ya juu.

Pengwini wa Afrika anaishi kwenye pwani na visiwa vya Namibia na Afrika ya Kusini. Yuko hata Robben Island, kisiwa ambako Nelson Mandela alifungwa. Ni mdogo: sentimeta 60 mpaka 70, kilo karibu 3, sawa na jogoo mkubwa. Juu ya macho yuko na ngozi ya rangi ya waridi isiyo na manyoya. Joto likizidi, damu inapita pale na kupoa.

Mtoto atauliza: iko ndege ao iko samaki? Asijibiwe haraka. Aulizwe kwanza: ana mdomo wa namna gani? Anataga mayai? Ana manyoya? Mwishoni atasema mwenyewe kwamba ni ndege, ila mabawa yake yanamsaidia kuogelea.

Manyoya yanaweza kuonyeshwa bila makuta mengi. Karatasi mbili, moja inapakwa mawese, kisha matone ya maji juu ya zote mbili. Ile ya mafuta maji yanateleza. Pengwini anachota mafuta kwa mdomo karibu na mkia na kuyapaka mwilini. Kuku naye anafanya vile. Anayechinja kuku anakijua kile kinundu cha juu ya mkia.

Hadisi inayopendeza watoto zaidi ni ya pengwini mkubwa wa Antaktika, anayepita mita 1 kwa urefu. Mama akisha kutaga yai moja, anarudia baharini kutafuta chakula. Baba ndiye anabaki na yai juu ya miguu yake, limefunikwa na ngozi ya tumbo, siku karibu 65 bila kula. Baridi ikizidi, mababa wanabanana, na wale wa nje wanapata zamu ya kuingia katikati. Darasani, mpira wa matambaa unatosha: kila mtoto auweke juu ya miguu na kutembea bila kuuangusha. Inaonekana rahisi mpaka mtu ajaribu.

Kuna jambo moja la huzuni, na mwalimu ataona kama darasa lake linaweza kulibeba. Zamani pengwini wa Afrika walipita milioni. Watu walikusanya mayai yao, wakachimba na mavi ya ndege, ambamo walichimba mashimo ya kutagia, wakayauza kama mbolea. Leo sardini wanazokula zimepungua baharini. Jozi zinazozaa hazifiki 10.000, na mwaka 2024 ndege huyu aliwekwa kati ya wale walio karibu sana kutoweka. Mwaka 2025, tribinali moja ya Afrika ya Kusini ilikubali kwamba meli za kuvua sardini zisikaribie makao sita ya pengwini, Robben Island ikiwemo, kwa miaka 10.

Kwa kumchora, chaki nyeupe inatosha kwa tumbo. Mgongo unaachwa tu, ubao wenyewe ni mweusi. Halafu mawe na mchanga chini ya miguu yake.