Baiskeli ya magurudumu matatu kwenye njia mbovu: nini cha kuangalia kwa mtoto aliyepooza miguu

Baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono humwezesha mtoto aliyepooza miguu kwenda shule, kisimani au sokoni bila kubebwa mgongoni. Shida iko njiani. Vijia vingi vya Shinyanga na Geita vimechimbika kwa miguu ya watu, kwato za ng'ombe na baiskeli za kawaida. Baiskeli ya kawaida hupita kwenye mstari mmoja. Hii inahitaji mistari mitatu: la mbele likiwa katikati ya njia, gurudumu moja la nyuma huwa kwenye majani na lingine kwenye mfereji. Hapo ndipo inapolala ubavu.

Isipinduke

Kwenye korongo, ashuke akiwa amenyooka, si kwa mshazari, na mtu mzima ashike mgongo wa kiti. Njia ikilala upande, mtoto aegemee upande wa juu. Dumu la maji lifungwe chini, lisining'inie kwenye usukani. Mvua zikianza, udongo mweusi wa mbuga hunata mpaka magurudumu yagome. Bora azunguke barabara ya changarawe hata kama ni mbali. Kwa walio karibu na machimbo, kama Nyarugusu na Rwamagasa, mtoto afuate njia uliyoikagua mwenyewe. Shimo la zamani lililofunikwa na majani halionekani ukiwa umekaa chini. Asipite pia kwenye tope la kuoshea dhahabu, kwa sababu ya zebaki. Magurudumu yakichafuka huko, yasiingie jikoni.

Vidonda asivyovisikia

Hili ndilo linalonisumbua zaidi kuliko kuanguka. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, au aliyeumia uti wa mgongo, mara nyingi hana hisia kwenye makalio na miguu. Kila jiwe linamgonga kwenye kiti na ngozi inabanwa kati ya mfupa na ubao, lakini yeye anaendelea kucheka. Mama mmoja niliyemtembelea aligundua kidonda cha mwanawe kwa harufu. Mtoto hakuwahi kulia, kwa kuwa hakusikia kitu.

Weka mto wa sponji nene kwenye kiti na uubadilishe ukishabonyea. Usimkalishe kwenye tyubu iliyojazwa upepo kama pete. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema, lakini hubana damu pembeni. Kila baada ya dakika 15 hadi 30 ajinyanyue kwa mikono, au ainamie magoti yake kwa muda. Kiti cha chuma kilichoachwa juani kinaunguza, hivyo kiguse kwanza kwa mkono wako.

Kila jioni angalia makalio, kifandugu, visigino na vifundo vya miguu. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu tu. Tafuta sehemu iliyozidi weusi, yenye joto, ngumu au iliyovimba. Ikiwa alama haijaondoka nusu saa baada ya kumlaza kwa tumbo, asiikalie tena mpaka ipone, hata kama ni siku ya shule. Usiisugue wala kuikanda. Ngozi ikichubuka au kupasuka, mpeleke zahanati.

Miguu

Mguu usio na nguvu huteleza na kuburuzwa chini, au kuingia kwenye spoki. Mvalishe viatu vya kufunika na soksi, kisha funga miguu kwenye kikanyagio kwa kitambaa kipana cha kitenge. Mpira wa kufungia mizigo hukata ngozi.

Mifupa ya miguu isiyotembea huwa dhaifu, na mtikisiko mdogo unaweza kuivunja. Mguu ukivimba na kuwa na joto baada ya safari, hata bila maumivu, mpeleke hospitali yenye eksirei siku hiyo hiyo. Kidonda chenye usaha au kinachoambatana na homa nacho kisingoje siku ya kliniki.