Daktari wa macho aliyelishtaki shirikisho la tenisi

Januari 2026 majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani walizisikiliza kesi mbili, moja ya Idaho na nyingine ya West Virginia, zenye swali moja: je, jimbo linaweza kumzuia mwanafunzi aliyezaliwa mvulana, na ambaye sasa anaishi kama msichana, asiingie katika timu ya wasichana ya shule yake? Ukisikiliza redio ungedhani swali hilo limezuka juzi. Lilishafika mahakamani New York mwaka 1977, likajibiwa. Aliyelipeleka alikuwa daktari wa macho ambaye siku ya hukumu alikuwa amebakiza siku tatu kutimiza miaka 43, na mchezo wenyewe ulikuwa tenisi.

Jina lake ni Renée Richards, na mwaka 2026 inatimia nusu karne tangu ugomvi wake uanze. Makala haya yameegemea maandishi mawili: hukumu yenyewe, ambayo ni fupi na inasomeka kwa mkao mmoja, na kitabu cha maisha yake, Second Serve, kilichotoka mwaka 1983. Msomaji ajue mapema, basi, kwamba sehemu kubwa ya habari hii inatoka kwa aliyeshinda.

Richards alizaliwa New York tarehe 19 Agosti 1934, wazazi wote wawili madaktari. Alikuwa nahodha wa timu ya tenisi ya Chuo Kikuu cha Yale, akasomea udaktari Rochester, akatumikia jeshi la majini, akawa bingwa wa tenisi wa jeshi hilo. Yote hayo aliyafanya kama mwanamume. Miaka ya 1960 alifika hadi Casablanca, Morocco, ambako daktari Mfaransa Georges Burou alikuwa akifanya upasuaji wa kubadili jinsia, akasita, akarudi kwao bila kupasuliwa. Alioa, akapata mtoto wa kiume. Mwaka 1975 ndipo alipopasuliwa, New York, kisha akahamia California kuanza maisha upya mahali asipojulikana.

Kujificha kulimshinda kwa sababu moja: raketi hakuiacha. Julai 1976 aliingia mashindano ya wanawake La Jolla kwa jina la Renée Clark, akashinda. Mtu mwenye urefu wa futi sita na inchi mbili, anayecheza kwa mkono wa kushoto na aliyewahi kupambana na wachezaji wakubwa wa nchi nzima, hafichiki kwa kubadili jina la ukoo. Mwandishi wa televisheni wa San Diego, Richard Carlson, alifuatilia, akatangaza. Richards amesema mara nyingi kwamba hakuwa na nia ya kucheza tenisi ya kulipwa mpaka alipoambiwa kwamba haruhusiwi. Mimi namwamini. Wapo watu ambao ukiwafungia mlango ndipo wanapokumbuka kwamba walikuwa na safari.

Hapo ndipo ugomvi ulipowaka. Gene Scott, mhariri wa jarida la Tennis Week na mhitimu mwenzake wa Yale, alimwalika katika mashindano aliyoyaandaa South Orange, New Jersey, Agosti 1976. Shirikisho la Tenisi la Marekani na chama cha wachezaji wanawake vikaondoa baraka zao. Kati ya wachezaji 32 waliotarajiwa, 25 walijitoa. Scott hakutikisika. Akatafuta wengine wa kujaza nafasi, kamera za televisheni zikafika, na watu ambao hawajawahi kuigusa raketi wakawa wanabishana kuhusu nusu fainali ya wanawake. Na nusu fainali hiyo Richards aliipoteza. Aliyemtoa ni Lea Antonoplis, msichana wa miaka 17.

Matokeo hayo hayakutajwa sana. Waliosema hakuna mwanamke atakayemweza walipaswa kumweleza Antonoplis alichofanya.

Mwezi huohuo Richards aliomba kucheza mashindano makuu ya wazi ya Marekani, US Open. Shirikisho likajibu kwamba kuanzia mwaka huo kila mwanamke atapimwa kromosomu kwa kipimo cha Barr, kinachochukua ute wa ndani ya shavu. Kipimo hicho hakikuwa kigeni kwa michezo mingine. Manung'uniko juu ya wanawake wanaokimbia “kupita kiasi” yalikuwapo tangu Olimpiki ya Berlin ya 1936. Mwaka 1966, Budapest, wanariadha wa Ulaya walitakiwa kupita uchi mbele ya madaktari, na aibu hiyo ndiyo iliyosukuma ute wa shavu uanze kutumika katika Olimpiki ya Mexico ya 1968. Lakini tenisi ya Marekani ilikuwa imeishi miaka yote bila kupima mtu yeyote. Kipimo kilifika mlangoni pamoja na Richards. Alikataa kupimwa, hakucheza, akaenda mahakamani.

Aliwakilishwa na ofisi ya mawakili ya Roy Cohn, yule yule aliyekuwa mkono wa kulia wa Seneta McCarthy katika kuwasaka wakomunisti, na ambaye miaka hiyohiyo alikuwa wakili na mshauri wa kijana mmoja mfanyabiashara wa majumba aitwaye Donald Trump. Msomaji na alishike jina hilo kwa muda.

Hoja za shirikisho ukizisoma leo utadhani ziliandikwa wiki iliyopita, isipokuwa mahali pamoja. Walisema zawadi zimekuwa mamilioni ya dola, hivyo kishawishi cha udanganyifu ni kikubwa. Walisema mwili uliokomaa kiume hubaki na faida ya mifupa na misuli hata baada ya upasuaji. Kisha wakaongeza kwamba katika nchi za kikomunisti za Ulaya Mashariki kunafanyika majaribio ya kutengeneza nyota wa michezo kwa njia ambazo miaka michache kabla hakuna aliyeziota. Yaani daktari wa macho wa Manhattan alizuiwa, kwa sehemu, kwa kuiogopa Moscow. Wachezaji watatu, Françoise Durr, Janet Newberry na Kristien Shaw, walitoa hati za kiapo kuliunga mkono shirikisho. Tusiwabeze. Walikuwa wakilinda riziki ambayo wanawake wa tenisi walikuwa ndio kwanza wameipigania, maana zawadi sawa na za wanaume US Open ilianza kuzitoa mwaka 1973 tu.

Aliyezipigania zaidi zawadi hizo alikaa upande wa pili. Billie Jean King alikuwa ameshacheza na Richards katika mchezo wa wawili wawili, na katika hati yake ya kiapo alisema, kwa ufupi, kwamba amemwona uwanjani kwa karibu na haoni kwamba ana nguvu au umbo la kumpa faida juu ya wanawake wengine. Gladys Heldman, mwanzilishi wa jarida la World Tennis na mtu aliyewasaidia King na wenzake kuanzisha mashindano yao ya kulipwa mwaka 1970, naye alimfungulia Richards milango ya mashindano madogo wakati kesi ikisubiri. Siku hizi mtu akiweka picha ya kuunga mkono kwenye simu yake anahesabiwa mtetezi. King aliweka jina lake kwenye kiapo cha mahakama, dhidi ya shirikisho lililosimamia mchezo wake na dhidi ya wenzake wa chumba cha kuvalia. Miaka minne baadaye, 1981, maisha yake mwenyewe yalipoanikwa magazetini, wadhamini walimkimbia ndani ya siku moja.

Jaji Alfred Ascione alitoa hukumu tarehe 16 Agosti 1977. (Siku hiyohiyo Elvis Presley alifariki, kwa hiyo msomaji wa gazeti la kesho yake anasamehewa kama hakuiona.) Hakusema kipimo cha Barr ni haramu. Alisema kinaweza kuwa ushahidi mmojawapo, lakini kukifanya ndicho kigezo pekee, kwa lengo la kumzuia Richards, ni ubaguzi unaovunja sheria ya haki za binadamu ya jimbo la New York. Hofu zisizo na msingi, aliandika, lazima ziupishe ushahidi wa madaktari.

Wiki mbili baadaye Richards aliingia uwanjani Forest Hills, mwaka wa mwisho wa mashindano hayo kufanyika pale. Kura ilimkutanisha na Virginia Wade, bingwa wa Wimbledon wa mwaka huo, akafungwa 6-1, 6-4. Katika wawili wawili yeye na Betty Ann Stuart walifika fainali, wakafungwa na Martina Navratilova na Betty Stöve. Nafasi ya juu kabisa aliyowahi kufika duniani ni ya 20, mwaka 1979. Wimbi la wanaume waliojigeuza ili wachume dola halikuja. Alistaafu mwaka 1981, akawa kocha wa Navratilova na kumsaidia kutwaa Wimbledon mara mbili, kisha akarudi kwenye kazi yake ya kupasua macho ya watoto wenye makengeza.

Kila kambi ya leo inamkumbuka nusu. Watetezi wanamkumbuka wa 1977 na hukumu yake. Wapinzani wanamkumbuka wa uzeeni, aliyesema hadharani kwamba kama angepasuliwa akiwa na miaka 22 na kuingia uwanjani akiwa na 24, hakuna mwanamke ambaye angemkaribia, na kwamba jambo hilo lilimfanya aifikirie upya haki aliyoidai. Maneno hayo ni yake, na kesi ile ilikuwa yake pia. Hukumu ya Ascione ilimhusu mtu mmoja mwenye umri wa miaka 42, ikapimwa kwa ushahidi wa mtu huyo. Huo ndio uzuri wake, na ndiyo sababu haiwezi kubebeshwa kila kitu.

Miaka iliyofuata inaelezeka kwa haraka. Olimpiki iliacha kupima wanawake wote mwaka 1999, na mwaka 2004 ikawaruhusu waliobadili jinsia baada ya upasuaji na miaka miwili ya homoni. Mwaka 2015 sharti la upasuaji likaondolewa. Laurel Hubbard wa New Zealand alinyanyua vyuma Tokyo mwaka 2021, akashindwa majaribio yote matatu. Mashuleni, California ilipitisha sheria ya kuwaruhusu wanafunzi mwaka 2013. Texas ilishikilia cheti cha kuzaliwa, na matokeo yake mwaka 2017 kijana aliyekuwa akitumia homoni za kiume alilazimishwa kupigana mieleka na wasichana, akawa bingwa wao huku akizomewa. Idaho ikaweka katazo la kwanza mwaka 2020, na zaidi ya majimbo 25 yamefuata. Machi 2023 shirikisho la riadha la dunia liliwafungia wanawake waliobadili jinsia baada ya kubalehe kiume. Februari 2025 Rais Trump, mteja wa zamani wa Roy Cohn, alisaini amri ya kuwaondoa katika michezo ya wanawake nchini mwake.

Na tangu Septemba 2025 kipimo cha jeni kimerudi, mara hii kwa kila mwanamke anayetaka kukimbia mashindano ya dunia. Hapo suala hili linatuhusu moja kwa moja, kwa sababu waliokwisha kuumizwa na vipimo vya namna hii wamo miongoni mwetu, nao hawakubadili chochote. Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya, waliopata fedha na shaba nyuma ya Caster Semenya katika mita 800 za Rio mwaka 2016, walizaliwa wasichana na kulelewa wasichana. Miili yao ilitoa homoni kwa kiwango ambacho mwaka 2019 riadha ilikikataa kuanzia mita 400 hadi maili moja. Niyonsaba alihamia mbio ndefu na kuweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 Zagreb mwaka 2021, mpaka kanuni za 2023 zilipomfuata huko pia.

Hata hivyo, mara kwa mara utasoma katika kurasa za michezo za kwetu, na kusikia studioni, wanariadha hawa wakiitwa “wanaume waliojigeuza”. Waandishi wenzangu, kesi ya Richards ni kesi ya Richards. Kabla ya kuandika jina la Niyonsaba au la Wambui katika habari ya aina hiyo, tulifute.