Bima Ndogo, Maji Makubwa

Masika fulani shemeji yangu alinipigia simu kutoka Mpanda. Gari lake la kubebea mpunga lilikuwa limezimika katika maji yaliyofurika barabarani upande wa Sitalike. "Shemeji, bima ninayo. Naanzia wapi kudai?" Nami, kwa kujiamini kwa msomi, nikamjibu kwamba angelipwa. Nilikosea. Alikuwa na bima ndogo, na bima ndogo hailipi gari la aliyeikata.

Kosa langu lina historia. Mwaka 1930 Uingereza ilimlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya kumfidia mtu mwingine atakayeuawa au kujeruhiwa na gari hilo. Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ikaleta sharti hilo Tanganyika, wakati ambapo hata reli ya kutoka Kaliua ilikuwa haijafika Mpanda kufuata madini ya risasi. Lengo lilikuwa la haki: mwenda kwa miguu asibaki bila fidia. Lakini mali ya mwenye gari haikuwa hoja ya sheria ile.

Baada ya Uhuru tuliirithi. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963 na kutaifishwa mwaka 1967, kufuatia Azimio la Arusha. Sheria ya mwaka 1996 ikawafungulia mlango watu binafsi; ile ya mwaka 2009 ikaunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Ukiyatazama mageuzi hayo, utaona tulijadili zaidi nani auze na nani asimamie. Swali la mnunuzi, "nimenunua nini hasa?", liliachwa kwa wakala na askari wa barabarani. Askari hutazama kama bima ipo. Haulizi kama umeielewa.

Hivyo mkulima wa Katavi hukata bima ili apite kizuizini, akidhani amejikinga pia na mvua. Aliye na bima kubwa naye asibweteke, bali asome kipengele cha mafuriko kabla ya masika. Maji yakiingia, asijaribu kuwasha injini: maji yaliyo ndani ya silinda yanaweza kuivunja, na kampuni inaweza kudai kwamba hasara hiyo ameisababisha mwenyewe. Apige picha zinazoonyesha kina cha maji kabla hayajapungua, aitaarifu kampuni mara moja kwa maandishi, wala asitengeneze gari kabla mkadiriaji wa hasara hajalikagua. Akikataliwa, aombe sababu kwa maandishi. Asiporidhika, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, chombo kilichoanzishwa kwa sheria ileile ya mwaka 2009.

Shemeji yangu hakuwa na la kudai. Alifufua injini kwa fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mbegu na mbolea, na msimu uliofuata akalima nusu ya shamba. Hati yake ya bima niliisoma baadaye. Ilikuwa ya Kiingereza, lugha asiyoisoma.

Ndugu watumishi wa umma mnaopita hapa, kabla ya kutunga sheria nyingine, tuanze na jambo dogo: kila hati ya bima ndogo iseme kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, ukurasa wa kwanza, kwamba gari lako likizama hutalipwa.